Posa ya Mwajabu na Nchi Iliyoketi

Ilikuwepo nchi, na kama haijahama ipo mpaka leo. Jina lake silitaji, maana wenyewe wakisikia wanatajwa hutaka kwanza wasalimiwe, na tukianza kuwasalimia hadithi hatutaimaliza leo wala kesho.

Nchi hiyo iliheshimu wazee. Si heshima hii yetu ya kuinama kidogo na kumpokea mtu mzigo, la. Yao ilikuwa na wizara. Mwananchi akitimiza miaka sitini, serikali ilimletea kiti. Kiti chenyewe cha mninga, kina mito, kina pa kuegemeza kichwa, na kwenye mkono wa kulia kimechongwa tundu la kuwekea kikombe cha kahawa. Akishakikalia, basi tena. Tangu siku hiyo ilikuwa marufuku kwake kunyanyua kitu kizito kuliko hicho kikombe. Mzee akikutwa ameshika jembe alipelekwa mahakamani kwa kosa la kuliaibisha taifa, na hakimu alimhukumu kukaa zaidi.

Kazi aliyoiacha ilirithiwa na aliye chini yake, pamoja na kofia ya kazi. Zamani utaratibu huu haukumsumbua mtu. Vijana walikuwa wengi kama kumbikumbi, fundi mmoja akiketi kumi wanagombania kofia yake mpaka inachanika. Lakini watu wakaishi, wakaishi tena, dawa zikawa nzuri, kahawa ikawa nzuri, na kitini nako hakuna gari la kumgonga mtu. Wakati huohuo watoto wakaacha kuzaliwa, kwa sababu tutakayoifikia sasa hivi. Siku moja nchi ikaamka ikajikuta imeketi.

Mtaa wa Kaa Kitako ulibakiwa na wafanyakazi wawili, Mwajabu na mchumba wake Kadege. Mwajabu alianza maisha kama fundi bomba, mwanafunzi wa Mzee Lukogo. Mzee Lukogo alipoletewa kiti, akalia siku nzima, watu wakasema analia kwa furaha, na Mwajabu akapewa kofia yake. Mwaka uliofuata akaketi muuguzi, Mwajabu akapewa kofia. Akaketi mwalimu, akaketi tarishi wa posta, akaketi mtoza kodi, na wote kofia zao zikaishia kwenye kapu la Mwajabu. Alitembea nalo begani, akifika mahali anachagua kofia, anavaa, anakuwa mtu mwingine.

Msidhani ni jambo rahisi. Siku moja alivaa kofia ya mtoza kodi akaenda kugonga nyumbani kwake mwenyewe. Hakujikuta, maana alikuwa kazini. Akabandika onyo kali mlangoni. Jioni aliporudi akalisoma, akaingiwa na hofu, akavaa kofia ya posta akapeleka jibu la unyenyekevu kwamba mhusika anaumwa, kisha akavaa ya uuguzi akathibitisha kuwa kweli anaumwa, tena sana.

Kadege naye alikuwa dereva, mwashi, kinyozi, fundi umeme na mchimba makaburi. Kazi hii ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hakuna aliyekuwa akifa, na kaburi lililochimbwa vizuri ni mahali pazuri sana pa kulala mchana.

Jioni mtaa mzima ulikula pamoja. Wapishi ni haohao wawili. Sinia lilianza kwa wazee, kama adabu inavyotaka, na vijana walisubiri lishuke. Mama yake Mwajabu, enzi za usichana wake, alisubiri akapata mnofu. Wadogo zake mama, waliokuja baadaye kidogo, walipata mchuzi wa kulowesha wali. Mwajabu na Kadege walipata ukoko, na ukoko wenyewe walikuwa wakiukwangua kwa zamu. Sinia lilipokuwa linawafikia, hata harufu ya nyama ilikuwa imeshaheshimiwa ikaisha.

Serikali haikulifumbia macho jambo hilo. Mheshimiwa Sembuse, Waziri wa Vijana, alilihutubia taifa kupitia redio.

“Ndugu wananchi,” alisema, “wapo wapotoshaji wanaodai kwamba hali ya kijana imeshuka. Nataka niwaambie, na wataalamu wangu wako hapa wameketi, kwamba ukoko kwa kila kijana umeongezeka maradufu. Taifa gani jingine linaweza kusema hivyo?”

Mwajabu aliisikiliza hotuba hiyo akiwa chini ya sinki la mtu, spana mdomoni, kwa hiyo hakuweza kujibu.

Hata hivyo shida yake kubwa haikuwa ukoko. Alitaka kuolewa na Kadege na kupata mtoto, basi. Na hapo ndipo tunaifikia ile sababu.

Katika nchi ile posa haikuwa kazi ya mshenga na wajomba wawili. Ilikuwa lazima kila mzee wa mtaa awape wachumba nasaha, naye haruhusiwi kukatizwa. Wachumba huketi mkekani, vichwa chini, wanasikiliza. Mmoja akinyanyuka kwa sababu yoyote, msemaji huanza upya, kwa heshima. Aliyesahau jambo hurudi mwisho wa foleni, na wazee, mnawajua, husahau. Posa ya Mwajabu ilifunguliwa akiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa alikuwa na thelathini na nne, na zamu ilikuwa ya Mzee Kiwamba.

Mzee Kiwamba alikuwa akieleza jinsi mjomba wake alivyonunua punda. Funzo la ndoa lilikuwa mwishoni, punda akishafika nyumbani. Lakini kila punda alipokaribia kuvuka mto, mtu alikuja mbio kusema bomba limepasuka sokoni, au Bi Sikudhani amebanwa na pumzi, au barua zimelundikana. Mwajabu anachukua kapu lake anakwenda. Akirudi, punda yuko mnadani tena, anakaguliwa meno.

“Kadege,” alimnong'oneza mchumba wake siku moja, vichwa vyao viko chini, “mimi nataka mtoto. Tumbo langu halimsubiri punda.”

“Vumilia, Mwaja. Leo wamefika kwenye mwembe.”

“Jana pia walifika kwenye mwembe.”

“Vijana,” akasema Mzee Kiwamba, “mmenikatiza. Basi, hapo zamani mjomba wangu alikuwa na haja ya punda.”

Mwajabu alitamani kulia. Alikuwa anawapenda wazee wale, kila mmoja amemwosha kidonda na kumfungulia bomba, anajua nani hapendi chumvi na nani huota mkewe aliyemtangulia zamani. Lakini kuwapenda hakukumfanya punda avuke mto, na miaka ilikuwa inakwenda.

Siku hiyohiyo Kadege akapewa amri ya kumleta Mheshimiwa Sembuse. Alikwenda akamchukua, akamleta mtaani, kisha yeye na Mwajabu wakamnyanyua na kiti chake kutoka garini hadi jukwaani. Kilikuwa kiti cha uwaziri, kina matundu mawili ya vikombe. Mheshimiwa alikuwa Waziri wa Vijana tangu alipokuwa kijana, na hakuona sababu ya kubadilisha kitu kinachokwenda vizuri. Tena Bunge lilimpenda. Kila mwaka katika sikukuu ya kuzaliwa kwake lilimwongezea mwaka mmoja zaidi wa zawadi, kama ishara ya heshima, kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa na hakika kwamba amekwisha kupita miaka mia.

“Ndugu zangu,” alianza, “nimepata habari ya kunisikitisha. Vijana walionibeba wizarani wamepewa viti vyao juzi. Nikauliza, baada yao nani? Nikaambiwa, mtaa huu una wawili. Nikauliza, na baada ya hao wawili? Wataalamu wangu wakatazama kahawa.” Akashika mikono yote miwili ya kiti chake. “Nani atanibeba mimi? Vijana, mmelitelekeza taifa. Zaeni.”

Mwajabu akavaa kofia ya ualimu, maana ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuuliza maswali.

“Shikamoo Mheshimiwa.”

“Marahaba.”

“Sisi tungekuwa tumezaa zamani, Mheshimiwa. Tunasubiri nasaha.”

“Nasaha haziharakishwi, binti. Heshima si utumwa.”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini kwa mwendo huu nitaletewa kiti kabla ya kuletewa mume, na hapo nitakuwa sina ruhusa ya kumnyanyua mtoto.”

Wazee wakatazamana. Hilo hawakuwa wamelifikiria. Bi Sikudhani alisema taratibu kwamba hata yeye kuna siku alitamani kushika mtoto, akaona ni mzito kuliko kikombe, akaacha. Mheshimiwa, kwa kuwa swali lilikuwa zuri, akaunda kamati.

Kamati ilikaa. Kusema kweli ilikuwa imekaa tangu zamani, ila sasa ilikaa kikamati. Baada ya miezi kadhaa ya kahawa ikagundua jambo lililowatoa watu machozi kwa uzuri wake, kwamba nchi haikuwa na wazee wengi hata kidogo. Tatizo ni kwamba uzee ulikuwa unaanza mapema. Redio ikatangaza kuwa kuanzia Jumatatu mzee ni mtu aliyetimiza miaka tisini. Walio chini ya hapo wote ni vijana, warudishe viti na wakachukue kofia zao. Mheshimiwa alitia saini bila wasiwasi, huku akiwahurumia wenye umri mdogo.

Jumatatu asubuhi Mwajabu alisikia hodi. Alifungua mlango akamkuta Mzee Lukogo, miaka sabini na tisa, amevaa ovaroli iliyokunjamana kwa kufichwa chini ya godoro.

“Nipe kofia yangu, mjukuu wangu.”

“Babu, si upumzike hata leo? Sheria ndiyo kwanza imeanza.”

“Nimepumzika mpaka makalio yameota sugu. Ng'ombe hazeeki maini, Mwajabu. Hilo bomba la sokoni unalolifunga kila siku, nimekuwa nikilisikia linavyolia, nalijua linapougua, na sikuruhusiwa kusema. Nipe kofia yangu na wewe ushike taa.”

Mwajabu akachomoa kofia kwenye kapu, na bega lake likapanda juu kidogo. Kufika mchana wenye kofia nyingine nao walishazichukua. Mwalimu wa zamani alikuja na miwani miwili, akauliza wanafunzi wako wapi, akaambiwa hawajazaliwa, akasema basi ataandaa somo. Mzee Kiwamba alinung'unika sana, akaapa atakwenda mahakamani, akakuta hakimu amepewa kofia ya kufagia sokoni na anaifurahia. Wapo waliopitiwa na usingizi juu ya toroli. Bi Sikudhani, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha kabisa, Mwajabu alimwambia abaki kitini mwake, akamfunika khanga miguuni. Hakuna sheria iliyomwambia afanye hivyo, na hakuna kofia aliyoivaa wakati anafanya.

Jioni posa ikaendelea. Sasa wenye haki ya kusema walikuwa ni wale waliopita tisini tu, wachache wenye pumzi fupi. Mzee Kiwamba aliposimama na punda wake akaambiwa akae chini, wewe kijana. Mmoja baada ya mwingine wazee halisi wakasema, “Mungu awabariki,” wakakohoa, wakakaa. Kadege alianza kutabasamu huku kichwa chake kiko chini. Mwajabu alimfinya, kwa kuogopa bahati isije ikasikia ikakimbia.

Ndipo Mheshimiwa Sembuse akawasili, mgeni rasmi, na hotuba nene kama tofali.

“Nikiwa mzee mwenye umri uliotukuka,” alianza, “nitatoa nasaha zangu katika sehemu kumi na nne. Sehemu ya kwanza, dhana ya ndoa tangu enzi za kale.”

Sehemu kumi na nne, na Mheshimiwa alikuwa msahaulifu kuliko wote. Mwajabu akaona miaka mingine kumi na miwili inakuja inanyata.

“Wewe Sembuse,” sauti nyembamba ikasema kutoka kwenye kiti cha nyuma kabisa. “Kaa chini. Wakubwa wanaongea.”

Watu wakageuka. Alikuwa Bi Nyamizi, mtu mzima kuliko wote mtaani, na mama mzazi wa Mheshimiwa.

“Mama, mimi nina miaka zaidi ya mia.”

“Umeipata wapi, mwanangu? Mimi mwenyewe nina mia na sita. Au ulinizaa wewe? Una themanini na nane, nakumbuka vizuri maana siku hiyo niliunguza maharage.”

Wataalamu wa wizara wakatazama kahawa. Mheshimiwa akatafuta kwa macho mahali pa vijana pa kukaa, akaoneshwa ukingo wa mkeka. Bi Nyamizi akamgeukia Mwajabu na Kadege. Ilikuwa zamu yake, na ndiye alikuwa wa mwisho.

“Oaneni,” akasema. “Mengine mtayaona hukohuko.”

Basi ikawa ndoa. Sinia likaanza kwa wazee, ambao walikuwa wa kuhesabu kwa vidole na wanakula kama ndege, likashuka kwa vijana likiwa bado limejaa. Mwajabu alikamata mnofu wa nyama akautazama kwanza, asijue huliwaje. Kisha akala, akasahau hata kuwa yeye ni bibi harusi, mchuzi ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko, Kadege akacheka mpaka akapaliwa. Kwenye sinia la vijana hapakuwa na kungojana. Mheshimiwa alitanguliza salamu na shukrani kwa waandaaji, akaja kunyoosha mkono, akakuta ukoko. Meno aliyokuwa nayo yalikuwa ya kuhutubia, si ya kazi hiyo.

Kesho yake Bunge likaitishwa kwa dharura, likakaa wiki sita, na sheria ya tisini ikafutwa kwa kauli moja, kwa manufaa ya vijana. Uzee ukarudi sitini. Kila mtu akaamriwa arudi kitini. Na kwa kuwa posa ya Mwajabu ilifungwa kabla wazee wote hawajasema, ndoa yake ilitangazwa kuwa batili, na kikao kiendelee pale kilipoishia, kwa punda.

Kadege aliisikia redio akamtazama mkewe. Mwajabu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono tumboni, uso umebadilika rangi.

“Wataturudisha mkekani,” alisema. “Na safari hii tutakuwa watatu.”

Kadege hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa, akacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini amri ni kitu kimoja na kuipeleka ni kitu kingine. Wizara ilimtafuta mpiga chapa, ikakuta ndiye Mwajabu, kofia hiyo nayo ilikuwa kapuni mwake. Ikatafuta dereva wa kupeleka viti, naye ni Kadege, bado yuko fungate. Ikatuma askari kumtoa Mzee Lukogo mtaroni, na askari mwenyewe alikuwa na miaka sabini na mbili, alifika, akachungulia, akaombwa ashike ncha ya bomba, akashika, na tangu hapo hakuonekana wizarani. Sauti ya Mzee Lukogo ilisikika kutoka chini ikisema, “Mwambieni Mheshimiwa mimi bado kijana.” Viti vilibaki vimepangwa uwanjani, kuku wakatagia kwenye yale matundu ya vikombe.

Ikapita miezi, ukapita na mwaka, amri haijafika. Mwishowe Mheshimiwa akaona nchi inaelekea pabaya, akaamua kuipeleka mwenyewe. Hakuna wa kumbeba, kwa hiyo akatembea. Alitembea kwa fimbo tangu asubuhi, akipumzika kwenye kila jiwe, huku watu wanampita wakiwa na mizigo wakimwamkia kwa haraka bila kusimama. Kufika Kaa Kitako suruali ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini, na karatasi ya kuvunja ndoa imelowa jasho mkononi.

Akamkuta Mwajabu kwenye mtaro wa sokoni, maji yanaruka juu kama yamechokozwa. Mzee Lukogo yuko ndani anapiga kelele aletewe spana kubwa. Mgongoni kwa Mwajabu kulikuwa na mtoto wa kike, wa kwanza kuzaliwa katika mtaa ule kwa miaka mingi, naye amekasirishwa na maji.

“Mwajabu binti Feruzi,” akaanza Mheshimiwa akihema, “kwa mamlaka niliyopewa na wananchi walioketi, ninayo hapa amri ya—”

“Shikamoo Mheshimiwa. Umekuja wakati mzuri. Nishikie huyu.”

Akafungua khanga, akamtia mtoto mikononi mwake, akarukia mtaroni. Mheshimiwa hakupata hata nafasi ya kuitikia salamu. Alisimama mikono imekakamaa mbele, kama mtu aliyepewa sufuria ya moto. Miaka yote ile ya uwaziri hakuwa amewahi kumshika kijana. Mtoto akamtazama, akamvua miwani, akaonja kipande cha amri akakitema. Kisha akamkojolea, pole pole na bila kukatizwa. Mheshimiwa alitafuta kitu cha kujifutia, na mkononi alikuwa na karatasi moja tu.

Mtoto akaanza kulia. Mheshimiwa alijaribu kumhutubia, ikawa vibaya zaidi. Akajaribu kumtingisha kidogo. Akajaribu kutembea, hatua mbili huku, mbili kule, fimbo ameshaitupa. Akakumbuka wimbo ambao Bi Nyamizi alikuwa akimwimbia, nusu yake, hiyo nusu akairudia.

Maji yalipokatika, Mwajabu alipanda juu amelowa kichwa mpaka miguu, akajifuta mikono kwenye gauni, akainyoosha ampokee mwanawe.

Mheshimiwa akamgeuzia bega.

“Hebu kamalizie kazi yako kwanza, mwanangu,” akanong'ona. “Ndio kwanza analala.”